Kutoka Ziwa la Kamongo hadi Dallas: Historia Fupi ya Vichujio vya Figo

Sisi watu wa Afrika Mashariki tunaoishi Dallas, Fort Worth na Houston tunalijua neno "kusafisha damu" kuliko tunavyoijua figo yenyewe. Tunachangishana kwa ajili ya mgonjwa, tunapanga zamu za kumpeleka kwenye mashine mara tatu kwa wiki, tunamwombea. Lakini mtu akituuliza mashine ile inafanya kazi gani hasa, na figo ilikuwa ikiifanyaje kazi hiyo kabla haijashindwa, wengi wetu tunaishia kusema "figo zimefeli", basi.

Makala hii inajaribu kulijibu swali hilo kwa njia ya historia. Tuna sababu mbili za kuichagua njia hiyo. Kwanza, sehemu muhimu ya elimu ya figo ilipatikana papa hapa Texas, katika mabanda ya mbao ambayo leo hayapo tena. Pili, sehemu nyingine ilipitia kwetu, Ziwa Victoria, kwa msaada wa samaki ambaye Wajaluo wanamwita kamongo.

Kifumbu cha tui

Tuanze jikoni, maana huko ndiko Kiswahili kina maneno tele ya kuchuja. Anayepika wali wa nazi hukuna nazi kwa mbuzi, huitia maji, kisha huijaza katika kifumbu na kukamua. Tui hupita, machicha hubaki. Mambo mawili yanahitajika: matundu ya ukubwa unaofaa, na nguvu ya mkono. Bila nguvu ya mkono, tui halitoki.

Figo inafanya vivyo hivyo. Kila figo ina vifumbu vidogo vinavyokadiriwa kufika milioni moja, ingawa watu hutofautiana sana: wengine wana laki chache tu, wengine wanazidi milioni mbili. Kila kimoja, pamoja na mrija wake, huitwa nefroni. Kifumbu chenyewe ni kifundo cha mishipa midogo sana ya damu, na nguvu ya mkono ni shinikizo la damu linalotoka moyoni. Ukuta wa kichujio una tabaka tatu. La kwanza ni ngozi ya ndani ya mshipa, yenye matundu. La pili ni utando mwembamba usio na seli. La tatu ni seli zenye vidole vingi ambazo hukumbatia mshipa kwa nje, vidole vikipishana kama vya mikono miwili iliyofumbatana. Maji, chumvi, sukari na taka hupita. Chembe za damu na karibu protini zote hubaki, kama machicha.

Mfano wetu wa jikoni unaishia hapo, kwa sababu figo hufanya jambo ambalo hakuna mpishi angelifanya. Kwa siku moja vifumbu vyote huchuja kiasi cha lita 180. Mwili mzima wa mtu mzima una lita tatu hivi tu za maji ya damu, kwa hiyo maji yaleyale huchujwa mara nyingi, asubuhi hadi asubuhi. Tungekojoa lita zote 180, tungekufa kabla ya saa sita mchana. Tunakojoa lita moja na nusu hivi. Nyingine zote hurudishwa. Basi siri ya figo ni ya pande mbili: kutoa karibu kila kitu, kisha kurudisha kile kinachofaa. Binadamu walichukua karibu miaka mia tatu kuielewa.

Kuona, na kubishana

Mwaka 1666, daktari wa Bologna, Marcello Malpighi, aliingiza maji meusi katika mshipa wa figo na kutazama kwa hadubini. Aliona vijipira vidogo vikining'inia kwenye mishipa kama matunda kwenye matawi. Alidhani vinahusika na kutenga mkojo, lakini hakuweza kuonyesha njia ya mkojo kutoka hapo.

Njia hiyo ilionyeshwa London mwaka 1842. William Bowman, akiwa bado kijana wa miaka ishirini na kitu, alionyesha kwamba kila kijipira kimekaa ndani ya kikombe, na kikombe hicho ndicho mwanzo wa mrija. Lakini Bowman alifikiri kijipira hutoa maji tu, na kwamba taka hutiwa na kuta za mrija. Miaka hiyohiyo, Mjerumani Carl Ludwig alisema kinyume: kwamba shinikizo la damu huchuja maji pamoja na vyote vilivyoyeyuka ndani yake, kisha mrija hunyonya na kurudisha. Mabishano yalidumu vizazi.

Hukumu ilianza kutolewa mwaka 1924 huko Philadelphia, na shahidi alikuwa chura. Joseph Wearn na A. N. Richards walichoma kikombe kimoja cha figo ya chura kwa sindano ya kioo nyembamba mno na kufyonza tone la maji. Tone hilo lilikuwa na sukari na chumvi lakini halikuwa na protini. Mkojo wa chura yuleyule, ulioko kwenye kibofu, haukuwa na sukari. Maana yake ni moja: sukari ilichujwa juu, ikarudishwa njiani. Ludwig alikuwa amekaribia ukweli zaidi, ingawa Bowman naye hakukosea kabisa, kwa kuwa leo tunajua mrija pia hutia vitu fulani ndani ya mkojo.

Samaki wa Ziwa Victoria

Hapo ndipo anapoingia Homer Smith, mwanafiziolojia wa New York aliyezaliwa Denver mwaka 1895. Smith alitaka kujua figo ilianza vipi. Aliamini kwamba jibu liko kwa wanyama wanaoishi mpakani mwa maji na nchi kavu. Mnamo 1928 alisafiri hadi Ziwa Victoria kutafuta kamongo.

Wanafunzi wetu waliokulia Kisumu, Homa Bay, Musoma au Mwanza hawahitaji kuelezwa samaki huyo. Ana mapafu, na akikosa hewa ya juu hufa maji kama mtu. Ziwa au kinamasi kikikauka, anajichimbia kwenye tope, anajiviringisha, na kungoja mvua kwa miezi. Wavuvi walilijua hilo kabla ya profesa yeyote. Alichopima Smith ni kinachotokea ndani: samaki aliyelala topeni huacha kukojoa kabisa, naye huhifadhi taka zake mwilini katika umbo la urea hadi maji yarudi. Yaani mwili unaweza kuifunga figo kwa muda, mradi taka zisiwe za sumu kali. Binadamu hana kipawa hicho. Figo zetu zikifunga, ni siku chache tu.

Smith alitoa kitabu mwaka 1932 na kukiita kwa jina la samaki huyo, Kamongo. Tunafurahi kwamba neno la Kijaluo lilipanda hadi kwenye jalada la kitabu huko New York. Lakini mchango wake mkubwa ulikuja baadaye kidogo. Mwaka 1935, yeye na James Shannon walieleza jinsi ya kupima kasi ya kuchuja kwa mtu aliye hai, bila kumpasua. Walimtia mtu damuni inulini, aina ya wanga unaopatikana katika mizizi ya mimea fulani, ambao huchujwa bila kurudishwa wala kuongezwa njiani. Ukijua kiasi kilichoko kwenye damu na kiasi kinachotoka kwenye mkojo, hesabu ni rahisi. Kwa kijana mwenye afya jibu huwa karibu mililita 125 kwa dakika. Namba hiyo, au makisio yake, ndiyo inayoandikwa leo kwenye kila karatasi ya majibu ya maabara, na tutairudia kwa sababu ina kisa chake.

Mabanda ya Dallas

Januari 1951, daktari kijana aitwaye Donald Seldin aliwasili Dallas akitokea Yale. Alizaliwa Brooklyn mwaka 1920, na kule Yale alifunzwa na John Peters, bingwa wa kemia ya mwili wakati ule. Alichokuta Dallas kilimshtua. Chuo cha udaktari kilikuwa ndani ya mabanda ya mbao yaliyobaki kutoka jeshini. Haikupita muda walimu wenzake wa kudumu wakaondoka mmoja mmoja. Mwaka 1952 akawa mkuu wa idara ya tiba, idara ambayo kwa kweli ilikuwa ni yeye mwenyewe na wanafunzi wake.

Angeweza kurudi alikotoka. Alibaki, na akaiongoza idara hiyo miaka 36, hadi 1988. Hakuwa na fedha za kuwaita mabingwa kutoka mbali, kwa hiyo aliwatengeneza. Alikuwa akiwatambua wanafunzi wenye kipaji, anawatuma kwingine wakajifunze, kisha anawarudisha. Mmoja wao, Joseph Goldstein, alirudi na kufanya kazi pamoja na Michael Brown juu ya kolesteroli. Wawili hao walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Seldin alifariki mwaka 2018 akiwa na miaka 97. Chuo cha mabanda leo kinaitwa UT Southwestern, na tunapopita karibu na hospitali ya Parkland tunakiona.

Seldin mwenyewe alikuwa mtu wa figo. Yeye, Floyd Rector na Norman Carter waliuliza swali ambalo mgonjwa yeyote wa figo analijua kwa mwili wake: asidi huenda wapi? Mwaka 1965 walichapisha kazi iliyoonyesha jinsi mrija wa figo unavyorudisha bikaboneti kwa kutia haidrojeni ndani ya mkojo. Bikaboneti ndiyo inayozuia damu isiwe kali. Ndiyo maana figo zikishindwa damu hujaa asidi, na mgonjwa huhema kwa nguvu kama aliyetoka kukimbia.

Kona ya mrija

Ndani ya nefroni kuna sehemu ya ajabu zaidi. Mrija unaposhuka kutoka kwenye kichujio, kwanza hurudisha thuluthi mbili hivi za maji na chumvi. Kisha hupiga mbizi kwenda ndani ya figo, hupiga kona kali, na kupanda tena. Mjerumani Jakob Henle aliieleza kona hiyo mwaka 1862, lakini kwa karibu miaka mia moja hakuna aliyejua kazi yake. Dalili moja ilikuwepo: wanyama wa jangwani, wenye mkojo mzito sana, wana kona ndefu.

Kinachofanyika ni hiki. Upande unaopanda, katika sehemu yake nene, husukuma chumvi nje lakini haupitishi maji. Nyama ya figo inayouzunguka inakuwa na chumvi nyingi. Upande unaoshuka hupitisha maji, kwa hiyo maji hutoka kufuata chumvi ile, na kinachobaki ndani kinazidi kuwa kizito kadiri kinavyoshuka. Maji haya mazito yanapofika konani na kuanza kupanda, yanaleta chumvi zaidi ya kusukumwa nje. Mzunguko unajilisha wenyewe. Mwishoni, mrija wa kukusanya mkojo hupita katikati ya nyama hiyo yenye chumvi. Ukiwa na kiu, homoni kutoka ubongoni hufungua milango ya maji kwenye mrija huo, maji hunyonywa, na mkojo hutoka mchache na wa rangi ya chai. Unaweza kuwa mzito mara nne hivi kuliko damu. Ukiwa umekunywa maji mengi, milango hufungwa na mkojo hutoka kama maji ya bomba.

Lakini palibaki kitendawili. Ndani kabisa ya figo, sehemu inayopanda ni nyembamba na haina pampu ya kusukuma chumvi. Chumvi inatokaje? Dallas ilitoa jibu lililosifika. Juha Kokko alitumia mbinu iliyobuniwa na Maurice Burg na wenzake karibu na Washington: kuchomoa kipande cha mrija mmoja, mwembamba kuliko unywele, kutoka figo ya sungura, kukishika kati ya vioo viwili, na kupitisha maji ndani yake huku mtafiti akipima kila kinachoingia na kutoka. Mwaka 1970 Kokko alionyesha kwamba upande unaoshuka hupitisha maji kwa wingi na chumvi kwa uchache. Mwaka 1972 yeye na Rector walipendekeza kwamba urea iliyojaa nje ya mrija huvuta maji kutoka upande unaoshuka, hadi chumvi ya ndani inazidi ile ya nje. Ikifika upande wa kupanda, chumvi hutoka yenyewe, kama watu wanavyotoka kwenye matatu iliyojaa mlango ukifunguliwa. John Stephenson alifikia wazo hilohilo mwaka huohuo akiwa kwingine. Vijana waliokuja Dallas kutoka nje, kama Masashi Imai wa Japani na Antonino Rocha wa Brazil, walisaidia kupima vipande vilivyobaki. Wazo hilo halijamaliza mjadala, kwani wataalamu bado wanabishana juu ya sehemu za ndani kabisa. Lakini tangu hapo mjadala unaanzia hapo.

Turudi nyuma kidogo kwa jambo moja linaloigusa Houston. Mwaka 1965, Wadi Suki, akiwa Dallas na Rector na Seldin, alichapisha utafiti uliotafuta mahali dawa ya furosemaidi inapofanyia kazi ndani ya nefroni ya mbwa. Leo tunajua dawa hiyo huzima pampu ya chumvi katika sehemu nene ya upande unaopanda. Pampu ikizimwa, mzunguko wote unalegea na maji yanamwagika. Suki baadaye alikwenda Houston kuongoza matibabu na utafiti wa figo katika Baylor College of Medicine. Nayo furosemaidi iko katika kabati la dawa la hospitali za wilaya kuanzia Bukavu hadi Mombasa. Bibi anayevimba miguu huko nyumbani na kupewa "kidonge cha maji" anatumia elimu ya kona hiyo.

Namba na rangi

Tulisema tutairudia namba ya Homer Smith. Hospitali haziwezi kumtia kila mgonjwa inulini. Badala yake hupima kreatinini, taka inayotoka kwenye misuli, kisha hutumia kanuni ya hesabu kukisia kasi ya kuchuja. Kanuni ya mwaka 1999, na ile ya 2009 iliyofuata, ziliongeza jambo moja: mgonjwa akiwa Mweusi, jibu lilizidishwa ili liwe kubwa. Katika ile ya 2009 kizidishi kilikuwa 1.159. Sababu iliyotolewa ni kwamba katika tafiti za Marekani watu Weusi walikuwa, kwa wastani, na kreatinini zaidi kwa kasi ileile ya kuchuja.

Tuifanye hesabu sisi wenyewe. Mtu ambaye bila rangi angepata 19, kwa kizidishi hicho alipata 22. Katika nchi hii mgonjwa huanza kuhesabiwa muda wa kungoja figo ya kupandikizwa anapofika 20 au chini. Basi wawili wenye damu sawa, umri sawa na jinsia sawa, mmoja alianza kungoja leo, mwingine aliambiwa arudi baadaye.

Na "Mweusi" ni nani? Fomu ilikuwa na kisanduku kimoja kwa Mmarekani Mweusi wa Houston, Mkongo aliyefika Fort Worth kama mkimbizi, na Mkenya wa Arlington. Mwaka 2010 watafiti waligundua aina mbili za jeni ya APOL1 ambazo, mtu akirithi nakala mbili, huongeza hatari ya ugonjwa wa figo, ingawa wengi walio nazo hawaugui. Aina hizo ni nyingi Afrika Magharibi na karibu hazionekani Ethiopia. Ajabu ni kwamba zinaua kimelea cha malale cha aina ya Afrika Mashariki. Historia ya mbung'o imeandikwa katika figo za watu, lakini si kwa rangi ya ngozi.

Mwaka 2021 kamati ya vyama vya figo vya Marekani ilipendekeza kanuni isiyo na rangi. Mwaka 2022 mtandao wa taifa wa upandikizaji ulipiga marufuku kizidishi hicho, na tangu 2023 hospitali zimetakiwa kuwatafuta wagonjwa Weusi waliocheleweshwa na kuwarudishia muda wao. Tunakumbuka pia kwamba Seldin alikuwa mjumbe wa tume ya taifa iliyotoa Ripoti ya Belmont, ambayo ilitaja haki kuwa nguzo mojawapo ya utafiti juu ya binadamu.

Mashine na kibali

Mwaka 1972 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kulipia usafishaji wa damu kwa karibu kila raia mwenye figo zilizoshindwa. Ni ugonjwa uliopewa heshima ya pekee. Lakini asiye na kibali cha kuishi nchini hayumo. Kwa wengi wao Texas, njia ilikuwa kungoja hadi hali iwe mbaya kiasi cha kuhatarisha maisha, ndipo wapokelewe idara ya dharura. Houston, Harris County ilifungua kituo cha kuwasafisha damu watu wasio na bima, lakini nafasi hazikuwatosha wote.

Dallas ilitoa ushahidi mzito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliwafuata wagonjwa 181 waliokuwa wakisafishwa damu kwa dharura tu. Kati yao, 105 walipata bima na kuanza kusafishwa kwa ratiba. Katika mwaka mmoja, waliofariki miongoni mwao walikuwa asilimia 3. Miongoni mwa waliobaki kwenye dharura, walikuwa asilimia 17. Gharama nazo zilishuka kwa wale wa ratiba. Figo zilikuwa zimeshindwa kwa wote sawasawa. Kilichotofautiana ni karatasi.

Tunachoondoka nacho

Mtu haoteshi nefroni mpya baada ya kuzaliwa. Zikifa chache, zilizobaki hubeba mzigo wao kimyakimya, na mwenyewe hasikii lolote hadi nyingi zimekwenda. Kisukari na shinikizo la damu ndio wauaji wao wakuu, na yote mawili yapo katika familia zetu. Vipimo vinavyogundua mapema ni viwili na si ghali: kreatinini kwenye damu, na protini kwenye mkojo. Protini kwenye mkojo maana yake machicha yameanza kupita kwenye kifumbu.

Chama chetu kina wanachama wanaowasindikiza wazazi na majirani kwa daktari wakiwa wakalimani. Tunaomba kila mmoja akifika huko aulize namba hizo mbili, aulize zimekisiwa kwa kanuni ipi, na amfafanulie mzee kwa Kiswahili anachokielewa. Maneno tunayo. Mzee akisikia kifumbu, tui na machicha, ataelewa kabla daktari hajamaliza sentensi yake.